Ghafula kwa Nani?

Msomaji kijana, katika kila lugha yako maneno ambayo mwanafunzi huyapata mapema na kuyatumia ovyo, kwa sababu huyaona mepesi. Katika Kiingereza mojawapo ni neno "surprise". Mtoto aliyesoma Kiingereza miaka miwili tu hulijua, na akiulizwa maana yake kwa Kiswahili hujibu papo hapo, "mshangao", akadhani kazi imekwisha. Nataka tukae pamoja kwa muda tulitazame neno hili na jamaa zake, tujue limetoka wapi na lilikuwa likifanya kazi gani kabla halijafika katika madaftari yetu. Ndani yake mna fundisho moja la historia, na mtu asiyelipata fundisho hilo aweza kusoma vitabu vingi na asielewe kwa nini mambo hutokea.

Kwanza tutazame asili yake. "Surprise" ni mgeni katika Kiingereza. Lilitoka Ufaransa. Katika mwaka wa 1066 Wanormani wa kaskazini mwa Ufaransa, wakiongozwa na William, walivuka bahari wakaishinda Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo Kifaransa kikawa lugha ya mabwana, ya mahakama na ya mambo ya vita. Maneno mengi ya Kifaransa yakaingia katika Kiingereza kwa njia hiyo, na mengine yakaendelea kufuata kwa karne nyingi. Neno letu limeungwa kwa vipande viwili: "sur", maana yake juu, na "prendre", maana yake kushika au kutwaa. Vipande hivyo navyo vimetoka katika Kilatini. Basi maana yake ya asili haikuwa mshangao. Ilikuwa kumwangukia mtu na kumshika, mfano wa mwewe amshukavyo kifaranga. Ukitaka kuhakikisha, watazame ndugu zake walio hai mpaka leo. "Prison", yaani gereza, ni mahali pa watu walioshikwa. "Prize", kwa maana yake ya baharini, ni chombo kilichotekwa vitani. Jamii nzima ni ya mikono inayoshika.

Neno hili lilipoingia Uingereza mwishoni mwa Zama za Kati lilikuwa neno la askari. Lilimaanisha shambulio lisilotazamiwa, au kutekwa kwa shambulio la namna hiyo. "Kusurprise" ngome, kama wangalinena watu wa siku hizo kwa Kiswahili, kulikuwa kuiteka kabla walinzi wake hawajapata kushika silaha. Hata kufika mwisho wa karne ya 16 ndipo neno lilipoanza kutumiwa kwa jambo lolote lisilotazamiwa, na karibu na mwaka wa 1600 likatumiwa pia kwa hali ya moyo wa mtu aliyepatwa na jambo hilo. Hivyo neno lilisafiri safari ndefu: lilianza katika mkono wa adui, likaishia katika moyo wa aliyevamiwa. Leo wazazi humfichia mtoto zawadi ya siku ya kuzaliwa, na tendo lao la upendo huitwa kwa neno lile lile lililokuwa la kuteka ngome.

Sasa tuwatazame jamaa zake, maana mwanafunzi huambiwa kwamba maneno haya yote yana maana moja, naye huyachagua kama mtu achaguaye nazi gizani. "Astonish" na "astound" yamebeba ngurumo ndani yake. Kilatini chake cha asili ni kunguruma kwa radi, na mtu wa neno hilo ni kama aliyepigwa na ngurumo akapoteza fahamu. "Amaze" ni neno la Waingereza wenyewe, la tangu kabla ya kuja Wanormani. Lilikuwa na maana ya kupumbaza akili, nalo ni ndugu wa "maze", yaani njia nyingi zilizopindana hata aingiaye hapati pa kutokea. "Startle" pia ni la kale; hapo mwanzo lilikuwa kurusha miguu na kupapatika, na hata leo hukaa zaidi katika mwili kuliko katika akili. "Ambush" limetokana na msitu, maana ni kujificha vichakani ukimngoja adui apite. "Alarm" limetoka kwa Waitaliani, nalo si jingine ila ukelele wa mlinzi: Chukueni silaha! Na "sudden", ambalo sisi hulifasiri kuwa "ghafula", latokana na Kilatini cha kujongea kwa chini chini, kunyemelea. Tazama ajabu hii: neno moja la jambo lisilotazamiwa latoka juu kama mwewe, na jingine latoka chini kama nyoka. Watu wa kale walijua kwamba hatari huja kwa njia zote mbili.

Kiswahili nacho si maskini katika jambo hili. Mwili unaoruka kidogo kwa kishindo hushtuka au hugutuka. Moyo ukikuta jambo usilolizoea hushangaa. Akili ikiona jambo kubwa au zuri kupita kadiri hustaajabu. Mtu aliyezidiwa kabisa, hata mdomo ukabaki wazi, hupigwa na butwaa au huingiwa na bumbuazi. Hayo yote ni ya mtu anayefikiwa na jambo. Mtu anayelileta jambo ana maneno yake mwenyewe: huvizia, hunyemelea, huvamia, hufumania. Kwa hiyo mwanafunzi akikuta katika kitabu cha Kiingereza kwamba adui "walisurprise" mji, naye akaandika kuwa "adui waliushangaza mji", ameleta kichekesho. Msomaji atadhani adui walikuja na ngoma na mazingaombwe, hali wenye mji walikuwa wakikatwa kwa mapanga. Ilimpasa aandike kuwa waliuvamia mji bila kutazamiwa.

Limebaki neno moja, nalo ndilo nililolikusudia tangu mwanzo: "ghafula". Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na katika Kiarabu asili yake haina habari ya upesi wala ya kishindo. Maana yake ni kutoangalia, kutokuwa macho, hali ya mtu aliyesahau la kumpasa. Sisi wenyewe tumelihifadhi jambo hilo katika neno "kughafilika". Mtu aliyeghafilika hakuwa na mbio wala hakukimbizwa. Alikuwa amekaa tu, akili yake iko mahali pengine. Basi pima tofauti. Neno la Kiingereza, kwa asili yake, lamwonyesha kidole ajaye: yeye ndiye aliyeshika. Neno letu lamwonyesha kidole aliyejiwa: yeye ndiye aliyeghafilika. La kwanza lasema, "Wamenivamia." La pili lasema, "Sikuwa naangalia."

Ukiyaweka maneno hayo mawili pamoja utapata swali ambalo kila msomaji wa historia yampasa alibebe: jambo lilipotokea ghafula, lilikuwa ghafula kwa nani? Maana halikuwa ghafula kwa watu wote. Tuipime hoja hii kwa tukio lililotokea katika pwani yetu wenyewe.

Mjini Mombasa Wareno walianza kujenga ngome katika mwaka wa 1593, wakaiita Fort Jesus. Ramani yake ilichorwa na Mwitaliani, Giovanni Battista Cairati, mtu stadi wa kazi hiyo, na kuta zake zilijengwa kwa hesabu ya mizinga ya wakati ule. Wareno walimleta Sultani wa Malindi, rafiki yao wa siku nyingi, awe mtawala wa Mombasa chini yao. Baadaye mwanawe, Hasan bin Ahmad, alikaa katika kiti hicho, lakini hawakupatana na makapteni wa ngome. Ugomvi ulipozidi alikimbilia bara, na huko akauawa katika mwaka wa 1614 kwa shauri la Wareno. Aliacha mtoto mdogo aitwaye Yusuf.

Wareno walimchukua mtoto yule wakampeleka Goa, katika Bara Hindi, palipokuwa makao makuu ya utawala wao wa mashariki. Huko alilelewa na watawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, akabatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Alijifunza lugha ya Wareno, desturi zao, silaha zao na vyombo vyao vya baharini. Katika miaka ya 1620 alirudishwa Mombasa akatawazwa kuwa mfalme. Machoni pa watu wa Goa mpango huo ulikuwa wa busara sana: mfalme Mwafrika wa pwani, Mkristo, aliyelelewa na wao, ambaye angetawala kwa ajili yao.

Lakini kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, hakumtendea kama mfalme. Tena ilijulikana kwamba mfalme yule alionekana akisali kwa desturi ya Kiislamu penye kaburi la baba yake. Habari ilifika kwa kapteni, naye akakusudia kumpeleka Goa akahukumiwe. Tarehe 16 Agosti 1631 mfalme aliingia ngomeni pamoja na watu wake, kama mtu ajaye kumwamkia mwenyeji wake. Akiwa ndani alimwua kapteni kwa mkono wake, na watu wake wakaitwaa ngome. Alilirudia jina lake la Yusuf bin Hasan na dini ya baba zake. Wareno wa mjini walikimbilia katika nyumba ya watawa, na baada ya siku chache wakauawa, wanaume kwa wanawake, pamoja na Waafrika Wakristo waliokataa kuiacha dini yao. Mambo hayo si ya kufurahia. Damu ya wasio na silaha haiwi nyeupe kwa sababu iliyotangulia ilikuwa damu ya baba yako. Lakini yatupasa kuyafahamu.

Sasa angalia nguvu ya jambo lisilotazamiwa. Mwanzoni mwa 1632 Wareno walileta kikosi cha manowari kutoka Goa, wakaizingira ngome ile ile waliyoijenga wenyewe. Walipiga mizinga, wakapoteza watu, na mwezi Machi wakakata tamaa wakaondoka. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Yusuf aliiharibu ngome kwa kadiri alivyoweza, akaondoka kwa meli, akawa mtu wa kuwinda vyombo baharini mpaka alipokufa katika mwaka wa 1638. Miaka mingi baadaye, Waomani walipotaka kuwatoa Wareno kwa nguvu, iliwabidi waizingire ngome hiyo tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, karibu miezi 33, na wengi wa waliokuwa ndani walikufa kwa maradhi kabla kuta hazijapandwa. Ukuta ule uliovumilia mizinga ya kikosi kizima na mazingira ya miezi 33 ulishindwa katika siku moja na mtu aliyepita langoni kwa miguu yake. Hiyo ndiyo "surprise" kwa maana yake ya kale kabisa.

Je, ilikuwa ghafula kwa nani? Kwa Kapteni de Gamboa ilikuwa ghafula bin vuu. Kwa Yusuf haikuwa ghafula hata kidogo. Alikuwa amebeba kifo cha baba yake kwa miaka 17. Kwa watu wake walioingia naye langoni haikuwa ghafula, maana walijua walichokiendea. Na kwa mtu ye yote aliyekuwa na habari tatu mkononi, yaani jinsi baba alivyouawa, jinsi mwana alivyodharauliwa, na jinsi alivyosali kaburini, tendo lile halikupasa kuwa ghafula. Kapteni alikuwa na habari ya mwisho, akaiona kuwa kosa la dini la kupelekwa mahakamani. Hakuiona kuwa ni moyo wa mtu unaosema. Wahenga walikwisha sema kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Huenda ukaniambia kwamba Wareno wale waliishi zamani, hawakuwa na mitambo ya kuwaonya. Basi tutazame taifa lililokuwa nayo.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 7 Desemba 1941, ndege za vita za Wajapani zilizishambulia manowari za Marekani katika bandari ya Pearl Harbor, kwenye kisiwa cha Oahu, Hawaii. Ndege 353 zilikuja kwa mafungu mawili kutoka katika meli sita za kubebea ndege, ambazo zilikuwa zimeng'oa nanga huko kaskazini mwa Japani tangu tarehe 26 Novemba, zikapita bahari ya kaskazini isiyopitwa na vyombo vingi, bila kutumia redio. Wamarekani zaidi ya 2,400 walikufa. Siku ya pili yake Rais Franklin D. Roosevelt aliliambia Bunge la nchi yake kwamba taifa lao limeshambuliwa kwa ghafula na kwa kusudi. Tafakari maneno hayo mawili yaliyowekwa pamoja. Ghafula ilikuwa upande wa Wamarekani. Kusudi lilikuwa upande wa Wajapani. Tukio ni moja, nalo lilikuwa na majina mawili kwa sababu lilikuwa na watu wa pande mbili.

Tena alama zilikuwapo asubuhi ile ile. Kiasi cha saa moja kabla ya mabomu ya kwanza, manowari ya Marekani iitwayo Ward iliizamisha nyambizi ndogo ya Wajapani karibu na mlango wa bandari. Kisha, saa moja na dakika mbili asubuhi, askari wawili katika kituo cha rada cha Opana, kaskazini mwa kisiwa, waliona katika mtambo wao kundi kubwa la ndege likija kutoka baharini. Wakapiga simu. Ofisa aliyekuwa zamu alifahamu kwamba ndege za Marekani zenyewe zilikuwa zikitazamiwa kutoka California asubuhi hiyo, akadhani ni hizo, akawaambia wasiwe na wasiwasi. Mtambo uliona, askari waliona, simu ilifika. Kilichokosekana kilikuwa ndani ya akili ya msikilizaji: alikuwa na maelezo tayari, na mtu mwenye maelezo tayari hatafuti mengine. Huko ndiko kughafilika kwa kweli. Hakumo katika kulala usingizi; kumo katika kuwa macho, ukaliona jambo, ukaliita kwa jina lisilo lake.

Kuna methali isemayo kwamba ajali haina kinga, nawe waweza kunishika hapo. Wareno na Wamarekani walishambuliwa na wanadamu, na mwanadamu aweza kuchunguzwa. Je, bahari? Nani awezaye kumchungulia bahari moyoni? Basi nitakupa mfano wa mwisho, nao nauona kuwa mkubwa kuliko yote.

Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, katika Indonesia, kwa nguvu ambayo haijaonekana mara nyingi tangu wanadamu waanze kupima matetemeko. Mawimbi makubwa yalivuka Bahari ya Hindi, na katika nchi nyingi zilizopakana na bahari hiyo walikufa watu zaidi ya 220,000. Karibu sana na mahali pa tetemeko palikuwa na kisiwa kiitwacho Simeulue, chenye wakazi wapatao 78,000. Wimbi liliwafikia kwa dakika chache, wala hapakuwa na king'ora wala redio ya kuwaonya. Wengi wangalitazamia kwamba kisiwa hicho kilifutwa. Walikufa watu saba.

Sababu yake ni neno. Katika mwaka wa 1907 kisiwa hicho kilikuwa kimepigwa na wimbi la namna hiyo na watu wengi wakafa. Waliosalia walilipa jina, "smong", wakawasimulia watoto wao, na watoto wakawasimulia wajukuu, katika hadithi na nyimbo za kubembelezea: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma, usingoje, kimbilia mlimani. Miaka 97 ilipita. Ardhi ilipotikisika mwaka 2004 watu walipiga kelele ya neno lile moja, na kila aliyelisikia alijua la kufanya. Mahali pengine watu waliona bahari ikikimbia kutoka ufuoni wakastaajabu, wengine wakashuka kuokota samaki waliobaki mchangani. Dalili ilikuwa ile ile. Wale waliokuwa na neno waliisoma; wasiokuwa nalo waliishangaa.

Pwani yetu nayo ilihusika siku hiyo. Wimbi lilichukua saa nyingi kufika Afrika ya Mashariki. Katika Kenya habari ilitangulia, wakuu wakawaondoa watu katika fukwe, na aliyekufa ni mtu mmoja. Katika pwani ya Somalia, ambako onyo halikufika, walikufa watu wengi. Bahari ni moja, wimbi ni moja, siku ni moja. Kilichotofautiana ni nani aliyekuwa na habari. Hivyo hata mambo ya bahari, ambayo hayana kusudi wala uadui, huwa ghafula kwa wengine na yasiwe ghafula kwa wengine.

Sasa turudi katika daftari lako, msomaji, maana ndiko nilikokuwa nikielekea. Utaandika insha nyingi za historia, na mara kwa mara kalamu itakushawishi uandike: "Ghafula vita vikaanza." "Ghafula wananchi wakaasi." "Ghafula ufalme ukaanguka." Kila mara itakapokushawishi, isimamishe kidogo, uulize maswali matatu. Kwanza, ghafula kwa nani? Pili, ni nani aliyekuwa akijua, naye alikuwa akijiandaa tangu lini? Tatu, ni dalili zipi zilizoonekana, na kwa nini aliyeziona hakuzisoma? Ukijibu maswali hayo, neno "ghafula" huenda likabaki katika sentensi yako, lakini halitabaki peke yake. Litafuatwa na sababu, na sababu ndizo historia. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Chombo hakizaliwi majini. Kuna siku za kukata miti, za kupasua mbao, za kupigilia misumari. Mwenye kukiona siku ya kushushwa tu ndiye asemaye kwamba kimetokea ghafula.

Lakini nikuonye pia juu ya upande wa pili, usije ukawa hakimu mkali. Sisi tusomao tunajua mwisho wa hadithi. Tukijua kwamba mvua ilinyesha, ni rahisi kwetu kuyatambua mawingu yaliyotangulia. Ofisa wa Oahu hakuwa na kitabu cha historia cha asubuhi ile mbele yake. Alikuwa na simu moja, na sababu ya kweli ya kuzitazamia ndege za nchi yake. Siku hiyo alikuwa na mawingu mengi mbele yake, na si kila wingu huleta mvua. Kumwita mjinga ni rahisi, tena hakutufundishi kitu. Fundisho limo katika kuuliza: kama ningalikuwa mimi, ni swali gani moja ambalo ningalimwuliza askari yule wa rada kabla sijaweka simu chini? Labda hili tu: "Ndege ni ngapi?" Swali dogo kama hilo ndilo litenganishalo aliye macho na aliyeghafilika.

Ukipata nafasi ya kuizuru Ngome ya Mombasa, simama langoni uinue macho. Juu ya lango yamo maandishi ya Kireno yaliyochongwa baada ya Wareno kurudi na kuijenga tena ngome, yakimsifu kapteni wa wakati huo kwa kuwatiisha watu wa pwani. Yalichongwa na upande mmoja. Yusuf bin Hasan hakuacha jiwe lililochongwa maneno yake. Soma yaliyoandikwa, kisha ufikiri ni neno gani ambalo mtu yule wa pili angaliliandika juu ya siku ile ya Agosti. Kapteni, kama angaliishi, angaliandika "ghafula". Yusuf angaliandika neno jingine, huenda "hatimaye". Kazi yako, wewe uandikaye historia, ni kuyasikia maneno yote mawili kabla hujachovya kalamu.